JAMAA WA CHANJI AUMBULIWA NA MGEBUKA!

Jamaa mmoja wa Chanji aliona video ya Wazungu wakivua mtoni kwa ndoano iliyofungwa manyoya kama mdudu. Akamuahidi mchumba wake samaki wa kuvua mwenyewe.

Machi akapanda gari mpaka Matai, kisha bodaboda hadi Mto Kalambo. Kumbe mvua za Ufipa hunyesha Novemba mpaka Aprili! Mto umefurika, maji tope tupu. Ndoano ya manyoya haina harufu ya chambo, samaki anadanganywa kwa macho. Kwenye tope haoni kitu. Siku nzima patupu.

Akaona isiwe tabu. Akanunua samaki sokoni, akapiga nao picha, akaweka stetasi: "Kutoka Kalambo, mubashara!"

Bibie, binti wa muuza samaki, alicheka, halafu akalia. Yule ni mgebuka wa Ziwa Tanganyika, na maporomoko ya Kalambo yana zaidi ya mita 200. Alipandaje?

"Ungesema umekosa, ningekupenda vilevile," akamwandikia, akazima simu.

Juni maji yalitakata, jamaa akarudi mtoni. Kapata kasamaki kama kidole, kampelekea hako hako, bila picha.

Samaki kapokelewa. Pete bado.

Mdau, wewe ungemrudia?