Mwizi wa Usiku Katika Gari la Misheni

Leo nataka kuwaelezeni habari ya mwizi aliyetusumbua hapa parokiani muda wa majuma matano. Hakuiba kuku wala mabati. Aliiba nguvu ya betri ya gari letu, kila usiku, milango ikiwa imefungwa na mlinzi yupo. Tena habari hii ina aibu yangu mwenyewe ndani yake, nami sitaificha.

Gari lenyewe ni kuukuu, la dizeli, lakini ndilo pekee kijijini. Mtu akizidiwa usiku, watu hubisha hodi misheni. Jioni lilikuwa linawaka vizuri. Asubuhi ukizungusha ufunguo unasikia "tk, tk", basi. Tulinunua betri mpya kwa sadaka za Jumapili mbili. Siku ya tatu, nayo ikalala.

Ndipo akaja baba mmoja usiku wa manane, mkewe ameshikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya. Gari halikuwaka. Vijana walilisukuma mpaka mteremko wa shule, huku mama yule anaugua kiti cha nyuma. Liliwaka mwisho kabisa wa mteremko. Mama alifika hospitali, na mtoto yu mzima. Lakini mteremko ule ungekuwa mfupi kidogo, leo ningekuwa nawaandikieni habari nyingine.

Kesho yake mimi, karani, niliyesoma chuo cha ualimu na kujiona najua mambo, nilimwambia Padre Paroko mbele ya wazee wa halmashauri: "Ni mlinzi. Anaingia garini usiku kusikiliza redio." Sikuwa nimemwona hata siku moja. Nilikuwa nimesikia redio usiku, basi nikajumlisha. Mzee yule alikana mara moja tu, kisha akanyamaza. Akaambiwa akae nyumbani kwanza.

Akakaa nyumbani. Na kesho yake asubuhi gari halikuwaka.

Basi, ndugu zangu, nikaona aibu, nikakumbuka nilivyofundishwa: pima kwanza, ndipo useme. Nikaazima mita ya umeme kwa kijana anayefunga sola. Siku ya Jumamosi betri ilipelekwa dukani ikachajiwa mpaka ikajaa. Mita ikasoma volti 12.6, ambayo ndiyo afya ya betri iliyojaa na kupumzika.

Jioni nikaanza kazi. Nilizima kila kitu, nikatoa ufunguo, nikafunga milango ili taa ya ndani isiwake. Nikafungua waya wa hasi kwenye betri, nikaweka mita katikati: mguu mmoja kwenye betri, mwingine kwenye waya, katika tundu la ampea 10. Hapo umeme wote unaotoka hauna budi kupita ndani ya mita. Angalieni: mita ikiwa hapo usiwashe gari wala taa kubwa, utaiunguza. Wala usivute sigara karibu, maana betri hutoa hewa inayolipuka.

Gari lililolala vizuri hunywa umeme kidogo sana, chini ya ampea 0.05. (Magari ya siku hizi yenye kompyuta yangojeeni nusu saa au zaidi, mpaka yasinzie.) Letu lilisoma 4.1! Pigeni hesabu pamoja nami. Betri yetu ni ya ampea-saa 70. Toka saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa 11. Mara 4.1, ni ampea-saa 45. Zaidi ya nusu ya chakula chote imeliwa tumelala, na injini ya dizeli asubuhi inataka nguvu nyingi.

Nikachomoa fyuzi moja moja huku naitazama mita. Ukichomoa ile ya kitu kinachoiba, namba hushuka. Nikachomoa ya redio: 4.1. Ya taa za ndani: 4.1. Ya honi, ya taa za breki, zote: 4.1 ileile. Nilikaa chini nimekata tamaa.

Halafu nikapeleka mkono ndani ya boneti. Injini ilikuwa haijawaka toka jana yake. Ilikuwa baridi kama mtungi. Lakini alteneta ilikuwa ya moto kidogo, kama paji la mtoto mwenye homa. Kitu kisichofanya kazi kinapataje joto? Waya wake mnene unakwenda moja kwa moja kwenye betri, haupiti katika fyuzi nilizochomoa. Nikaondoa mita kwanza, nikafungua waya ule, nikaufunga utepe usiguse chuma, nikarudisha mita. 0.02. Mwizi amekamatwa!

Fundi alipoifungua alinionyesha diodi moja imekufa. Diodi ni kama mlango unaofunguka upande mmoja: umeme utoke alteneta uende betri, usirudi. Mlango ule ulikuwa umevunjika, na kazi ya mchana ilikuwa inarudi nyuma usiku kucha. Alteneta ndiyo inayoilisha betri, nayo ndiyo iliyokuwa inaila. Wahenga walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili ile ile, kabla ya fundi, nilikwenda kwa mzee mlinzi. Nilimkuta anapalilia mihogo. Nikamwomba radhi, kisha nikamwomba radhi tena mbele ya wazee walewale walionisikia nikimsingizia. Alinijibu neno moja tu: "Mwanangu, redio yangu ninayo mfukoni." Akaitoa, ndogo kama kiberiti, ya betri mbili. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Amerudi kazini, na mshahara wa siku zile amelipwa. Gari linawaka.

Basi, msomaji, kitu kikipotea nyumbani mwako, kabla hujalitaja jina la mtu, tafuta mita. Na kama huna mita, uliza kwanza.