Sauti ya Vitufe Nyumba Ikilala

Binti yetu aliyeolewa Bungoma anakula kwa vidole vyake. Huchapa barua za watu, tasnifu za wanafunzi na hati za wenye mashamba, na kazi hiyo huifanya baada ya sala ya Isha, mwanawe wa miezi saba akishalala na mavyaa wake akishaingia chumbani. Mwezi uliopita vitufe viwili vya kipakatalishi chake vilikufa, kimojawapo kikiwa cha herufi A. Mwenye kuandika Kiswahili bila ya A hana la kuandika. Akatupigia simu huku Kitale: “Baba, nataka kibodi ya kuchomeka, iwe ya kweli, nami sitaki kuinunua mara mbili.”

Neno hilo la mwisho ndilo lililotutia shughulini. Kibodi za bei rahisi zina utando mmoja wa mpira chini ya vitufe vyote, na herufi haiandikiki mpaka kidole kiugandamize mpira ule hadi chini. Kibodi za swichi ni namna nyingine. Kila kitufe kina swichi yake pekee, na ndani ya swichi mna springi, kijiti cha plastiki na vyuma viwili vinavyogusana. Kitufe hushuka kama milimita 4, lakini herufi huandikika kidole kikifika karibu nusu ya njia, kwa hiyo mkono uliozoea haulazimiki kugonga chini. Bei yake si ya mchezo. Kwa mwenye shamba wa huku kwetu, hiyo ni gunia zima la mahindi, na pengine zaidi.

Kampuni ya Cherry, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1953 na baadaye ikaweka makao Ujerumani, ndiyo iliyozieneza swichi hizi tangu miaka ya 1980 na kuzitambulisha kwa rangi. Leo kampuni za China kama Gateron na Kailh hutengeneza zinazofanana nazo, na kwa kawaida hufuata rangi zile zile. Mnunuzi wa mara ya kwanza atakutana na tatu: buluu, kahawia na nyekundu.

Akina mama watatuelewa upesi tukipima kwa mayai. Swichi nyekundu ya Cherry yataka uzito wa gramu 45 hivi, sawa na yai la kuku wa kienyeji likikaa juu ya kitufe. Buluu yataka kama gramu 60, nalo ni yai la kuku wa gredi. Kahawia iko kati, kwenye 55. Lakini uzito si jambo pekee. Nyekundu hushuka moja kwa moja bila ya kizuizi. Kahawia ina kinundu kidogo njiani ambacho kidole hukihisi, kikajua kuwa herufi imeandikika. Buluu ina kinundu na juu yake ina mlio, ta-ta-ta, kila herufi na mlio wake.

Kijana wa dukani hapa Kitale alikuwa na buluu tu rafuni, naye akaisifu kwa moyo wote: “Sheikh, hii ndiyo watu wanaitaka, inalia!” Inalia kweli, na mlio wake ni mtamu, watukumbusha mashine za kupiga chapa za zamani. Kwa mwenye meza barazani, penye kelele za pikipiki na wauza miwa, au mwenye macho mazito anayetaka sikio limthibitishie, hatuoni ubaya wake. Lakini nyumba ya binti yetu imegawanywa kwa ukuta wa mbao. Mtoto akiamka saa nne usiku, kazi ya usiku ule imekwisha, na mteja aliyeahidiwa karatasi zake asubuhi hatangoja. Na mavyaa naye ana haki ya usingizi wake.

Tukabaki na mbili. Sisi tuliegemea nyekundu, na sababu yetu ni lugha yetu wenyewe. Anayechapa kwa vidole vyote kumi huibonyeza A kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote, nacho Kiswahili hakikipi mapumziko. Chukueni neno “anawakataza”: herufi 11, na sita kati yake ni A. Mwingereza hakibebeshi kidole chake mzigo huo. Tukaona springi nyepesi ni rehema.

Binti akakataa, kwa adabu. Mkono wake ulifunzwa kwa mashine ya bavyaa wake, iliyotaka kupigwa kwa nguvu, na hata leo vidole vyake huvilaza juu ya vitufe. Kwa nyekundu, alisema, angeandika “baaba” ukurasa mzima. Anataka kinundu kimwambie imetosha. Hoja yake ina nguvu kuliko yetu, kwani vidole ni vyake. Kijana akaagiza ya kahawia kutoka Nairobi, nasi tukaipakia kwenye matatu ya Bungoma kupitia Webuye.

Wala asidhani mtu kuwa kahawia au nyekundu ni bubu. Kitufe kikigongwa hadi chini, plastiki hulia juu ya plastiki, na meza ya mbao huukuza mlio. Kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne na kutandikwa chini ya kibodi hupunguza mengi.

Anayekwenda dukani asinunue kwa picha. Aombe kubonyeza, tena kwa kidole cha mwisho, si kwa cha shahada, kwani hicho hakishindwi na kitu. Aulize pia kama swichi zachomoka kwa mkono bila ya kuyeyusha risasi. Zipo zinazochomoka na zipo zilizogandishwa, na kwa macho hazitofautiani. Katika zinazochomoka, A ikifa, hununuliwa swichi moja tu.