Nani Aingie Meza ya Mabingwa

Hesabu ya kufuzu tulifundishwa na klabu ya soka ya Gor Mahia. Desemba 1987 walipotoka sare ya 1-1 na Espérance ya Tunisia jijini Nairobi, baada ya sare ya 2-2 kule Tunis, wakatwaa kombe, hata nyanya zetu ambao hawakuwahi kuingia uwanjani walijua kwamba bao la ugenini lina uzito wake, na kwamba Kombe la Washindi barani Afrika si la kila mwenye jezi. Ili uingie humo ilikuwa sharti uwe umetwaa kombe la kwenu kwanza. Kisumu haikulala usiku ule. Mtaani Kondele hapakupitika. Na katika wiki hizo za shangwe, kiongozi wetu wa vijana kanisani, mtu aliyekuwa na mapenzi mawili tu duniani, Biblia na mabao ya Peter Dawo wa Gor, akaja na wazo: kwa nini na sisi tusiwakutanishe washindi wetu?

Sisi ni Wasabato wa ng'ambo ya ghuba ya Winam, Karachuonyo, si mbali na misheni ya Gendia iliyoanzishwa mwaka 1906. Nilikulia Kisumu, lakini kila Agosti tulivuka kwenda makambi ya kanisa, na katika makambi mchana wa Sabato ulikuwa wa chemsha bongo. Mabenchi mawili, kengele ya baiskeli kwa kila benchi, na mzee mmoja mwenye miwani aliyeshika kadi za maswali. Methusela aliishi miaka mingapi? Zaburi ya 119 ina aya ngapi? Hayo yalikuwa ya kupasha misuli moto. Kazi ilianza ulipoambiwa utaje mabinti watano wa Selofehadi, na ole wako ukianza na Milka ukamsahau Hogla. Walioshinda walipewa kitabu cha nyimbo, wakapigiwa makofi, habari ikaishia hapo. Mwaka uliofuata kila mtu alianza upya. Bingwa wa mwaka jana hakuwa na kiti chochote cha heshima. Akizubaa kwenye swali la kwanza alikwenda kuosha sufuria pamoja na wengine.

Kiongozi wetu alikuwa na daftari. Humo aliandika jina la mshindi wa kila mwaka tangu alipokabidhiwa kazi, na kwa daftari hilo akaita mashindano ya mabingwa. Kanuni yake ilikuwa fupi kama ya Kombe la Washindi: umewahi kushinda, unaingia, hujawahi, kaa chini usikilize.

Mimi niliingia. Ushindi wangu ulikuwa mmoja, wa mwaka ambao lori lililobeba timu kali kuliko zote liliharibika njiani, likafika makambi yakiwa yanafungwa. Sioni haya kusema hivyo, kwa kuwa jina langu lilikuwa daftarini na kanuni ni kanuni. Lakini palikuwa na kijana mvuvi kutoka upande wa Homa Bay ambaye kwa miaka mfululizo alikuwa akitoka wa pili, kila mara nyuma ya dada yuleyule, mtoto wa mwalimu, ambaye sijamwona wa kufanana naye hadi leo. Huyo mvuvi hakuwa daftarini. Alikaa nyuma ya hema, na kila swali lilipotushinda sisi mabingwa alikuwa akimnong'oneza jibu mtoto aliyekaa karibu naye. Mwishowe mama mmoja mzee wa kanisa alisimama akasema, "Kumbe haya ni mashindano ya wenye vitabu vya nyimbo, si ya wenye kujua." Watu walicheka. Kiongozi wetu hakucheka, na kanuni haikubadilika.

Nikiwa chuoni kusomea ualimu ndipo nilipojua kwamba Waingereza walikwishalipangia jambo hili utaratibu wao zamani. Kipindi cha redio cha BBC kiitwacho Brain of Britain humpata bingwa mmoja kila mwaka. Kila baada ya miaka mitatu mabingwa watatu hupambanishwa kutafuta bingwa wao, na kila baada ya miaka tisa hao watatu waliobaki juu hukutanishwa tena. Ni ngazi safi, haina mabishano. Ila nayo haina nafasi ya mvuvi wetu: ukishindana mwaka mmoja na gwiji, umekwisha.

Baada ya hapo nilikaa miaka mingi bila kulifikiria jambo hili. Nilifundisha, nikalea, chemsha bongo ikabaki kazi ya Ijumaa alasiri darasani. Kilichonirudisha ni televisheni, mwaka 2007, kilipoanza kipindi cha vyuo vikuu cha Celtel Africa Challenge, ambacho baadaye kiliitwa cha Zain kampuni ilipobadilisha jina. Mwendeshaji alikuwa John Sibi-Okumu, mwigizaji na mwalimu wa Kifaransa, mwenye sauti ambayo ungetamani ikuulize swali hata kama hujui jibu. Mtaani kwetu Migosi majirani walikuja kutazama. Timu zilichujwa nyumbani kwanza, kisha zilizopenya zikakutana na vijana wa Ghana, Nigeria, Zambia, Uganda na kwingineko. Kilichonivutia ni kwamba jina la chuo halikukuingiza, chujio ndilo lililokuingiza. Kisha Zain ikauza biashara yake barani kwa Bharti Airtel mwaka 2010, na kipindi nacho hakikudumu. Nasikitika mpaka leo kwamba hakikuishi muda wa kutosha kuwaita mabingwa wake wa misimu yote jukwaa moja.

Aliyenifungua macho kabisa ni mpwa wangu anayeishi Minneapolis, anakofanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee. Huko wazee hutazama Jeopardy! kila jioni, na yeye akiwahudumia akazoea kuitazama pamoja nao. Alipokuja likizo alileta vipindi kadhaa kwenye kompyuta yake. "Shangazi," akaniambia, "hii ni makambi, ila wana pesa." Washindani watatu, ubao wa dondoo, na mtindo wa kupindua mambo: mwendeshaji husoma maelezo, mshindani hujibu kwa umbo la swali. Anayeshinda hurudi kipindi kinachofuata. Kipindi kilianza mwaka 1964, kikarudi kwa sura yake ya sasa mwaka 1984 chini ya Alex Trebek, na mwaka uliofuata wakaanzisha mashindano ya mabingwa.

Nilimwuliza swali la kwanza ambalo mtu wa makambi angeuliza: wanaingiaje?

Zamani, akanieleza, bingwa aliruhusiwa kushinda michezo mitano tu, kisha akastaafishwa bila kushindwa, na huyo alikuwa na uhakika wa kuitwa. Nafasi zilikuwa 15. Wenye ushindi mara tano wasipotosha, walifuata wenye ushindi mara nne, wakipangwa kwa kiasi cha pesa walichovuna, na viti vingine vilikwenda kwa washindi wa mashindano maalumu kama ya wanafunzi wa vyuo. Michezo mitano ya mwanzo ilitoa washindi watano. Wanne walioshindwa lakini wakawa na alama nyingi zaidi waliongezwa ili kutimiza tisa wa nusu fainali. Niliposikia hilo la wanne niliruka kitini. Hawa watu walikuwa na kiti cha mvuvi! Kidogo, cha pembeni, na ni ndani ya mashindano yenyewe tu, lakini kilikuwepo.

Halafu mwaka 2003 wakaondoa kikomo cha michezo mitano. Mwaka uliofuata akaja Ken Jennings akashinda michezo 74 mfululizo. Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu kwa mtu anayependa hesabu za kufuzu, kwa maana fikiria: kwa kikomo cha zamani, michezo 74 ingeweza kuzaa mabingwa zaidi ya kumi. Sasa imezaa mmoja. Wote waliokutana naye katika michezo hiyo walikwenda nyumbani kama walioshindwa, wajue wasijue. Uwanja wa mabingwa ukawa mgumu kujaa, na mashindano ya mabingwa yakaacha kufanyika kila mwaka.

Tena idadi ya ushindi haikuwa ushahidi wa mwisho. Brad Rutter alishinda mitano mwaka 2000 akastaafishwa na kanuni. Mwaka 2005 walipowaita mabingwa wa zamani wapatao 145 na kumweka Jennings awasubiri fainali, Rutter ndiye aliyeshinda, mitano yake ikaizidi 74. Mwaka 2020 Jennings akalipa kisasi, akawashinda Rutter na bingwa mwingine, James Holzhauer. Mpwa wangu husema hilo lilimaliza ubishi. Mimi nasema lilithibitisha kwamba ubishi huu haumaliziki.

Msimu wa 2021 hadi 2022 ndio uliowalazimisha kufikiri upya. Amy Schneider alishinda 40, Matt Amodio 38, Mattea Roach 23. Watatu hao wakapewa nafasi moja kwa moja katika nusu fainali ya mashindano ya Novemba 2022, washindani wakafika 21, na kwa mara ya kwanza pakawa na mlango mwingine: mashindano ya walioshindwa kwa heshima, ambayo washindi wake waliruhusiwa kuingia na mabingwa. Mwaka uliofuata, mgomo wa waandishi wa Marekani ulipokata maswali mapya, wakaipanua njia hiyo na kuongeza mashindano ya mabingwa wadogo, wale walioshinda mchezo mmoja, miwili au mitatu. Mshindi mdogo akapata njia ya kupanda hadi juu. Yogesh Raut, aliyetwaa ubingwa wa mabingwa mwaka 2024, alikuwa na ushindi wa michezo mitatu tu ya kawaida alipoanza kuupanda mlima huo. Kwa kanuni za zamani asingeonekana hata mlangoni.

Kuna wanaolalamika kwamba milango imekuwa mingi mno, na siwalaumu sana. Mashindano yenye mlango kwa kila mtu yanapoteza ladha. Lakini kati ya daftari la kiongozi wetu na milango ya Wamarekani, nachagua milango. Kisichonipendeza ni kuwaita watu kwa mwaliko kwa kuwa wanapendwa na watazamaji. Hapo umeacha mashindano, umeanza tamasha.

Waghana nao wana utaratibu ambao ungetufaa zaidi sisi wenye shule nyingi na fedha kidogo. Mashindano yao ya sayansi na hisabati ya shule za sekondari, yaliyoanza mwaka 1993, huzipa shule zilizofika mbali mwaka uliotangulia haki ya kusubiri hatua ya mbele, huku nyingine zikichujwa kuanzia mikoani. Presec ya Legon, yenye mataji mengi kuliko zote, huogopwa, lakini bado sharti icheze. Sifa ya jana inakupunguzia safari, haikupi kombe.

Siku hizi nimestaafu na nasaidia kuendesha chemsha bongo ya shule chache za Kisumu, Jumamosi, muhula kwa muhula. Tumeweka kanuni hivi: anayeshinda muhula wowote anaingia meza ya mabingwa mwisho wa mwaka, anayetoka wa pili mara mbili anaingia, na aliyeshindwa na bingwa kwa swali la mwisho anapewa mchezo mmoja wa kujaribu tena. Walimu wawili walipinga hilo la tatu. Mwaka jana msichana kutoka shule ya Nyalenda aliingia kwa mlango huohuo akamaliza wa tatu, na kelele zikapungua.

Kikwazo chetu kikubwa ni kimoja. Tulipotaka kuwaita washindi wa miaka ya nyuma, hakuna aliyejua ni nani. Vikombe vipo, baadhi vimepata kutu kabatini, na juu yake pameandikwa jina la shule na mwaka, basi. Wanafunzi walioshika kengele hawamo. Kule Marekani mashabiki wenyewe wametunza maelfu ya michezo, swali kwa swali, hata unaweza kujua nani alishindwa kwa dola moja miaka thelathini iliyopita. Daftari la kiongozi wetu wa vijana, pamoja na ukali wake wote, lilikuwa kumbukumbu pekee niliyoiona katika pwani hii ya ziwa, na alipofariki hakuna aliyejua lilikokwenda.

Kwa hiyo nawaomba walimu, wazee wa kanisa na viongozi wa vijana, kuanzia Port Victoria hadi Mbita na Muhuru: mkimaliza mashindano yenu, andikeni tarehe, majina ya wote waliokaa kwenye mabenchi, na alama zao, aliyeshinda na aliyeshindwa. Nakala moja ibaki shuleni au kanisani, nyingine ipelekwe maktaba.