Kudumu Katika Imani

Msomaji, kuianza safari ya imani ni jambo jepesi. Mimi nilipopokea kipaimara nalikuwa kijana wa shule kama wewe. Kwa muda wa miezi mitatu nalikesha nikisali na kusoma Maandiko kwa mwanga wa kibatari, na wazee waliosinzia kanisani nikawahesabu kuwa wenye dhambi. Mwezi wa nne nalisinzia mimi.

Tangu hapo nimejiuliza ni kitu gani kimwezeshacho mtu kudumu. Jibu sikulipata katika mahubiri, bali katika habari za Johannes Rebmann wa Rabai, kijiji kilicho vilimani nyuma ya Mombasa.

Mjerumani huyu alifika pwani mwaka 1846 kumsaidia Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga huko huko Mombasa. Tarehe 11 Mei, 1848, Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro, akaandika kwamba kileleni pana theluji. W. D. Cooley, mtaalamu wa jiografia huko London ambaye mlima huo hakupata kuuona, aliikanusha habari hiyo kwa dharau. Mwaka 1862 von der Decken aliupanda mlima kwa sehemu, akashuhudia kwamba mmisionari alisema kweli.

Shuleni Rebmann hutajwa kwa ajili ya siku ile. Lakini siku moja ya ajabu haimlemei mtu. Mimi huitazama miaka iliyofuata. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa ugonjwa. Mwaka 1866 Emma, mke wa Rebmann, alifariki. Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Naye aliketi akikusanya maneno! Alimwuliza mtu mmoja wa Nyasa, aliyeletwa pwani utumwani, neno baada ya neno, ili aitunge kamusi ya lugha ya nchi ambayo yeye mwenyewe hakupata kuikanyaga. Hebu fikiri, msomaji: asubuhi moja huuliza jina la jembe, kesho yake jina la mvua, na hakuna mtu wa kumpigia makofi. Ikiwa juzi uliahidi mengi mbele ya madhabahu, na leo sala imekuwa kavu kinywani mwako, usidhani kwamba imani imekutoka. Huenda umefika tu katika siku za kamusi.

Simsifu kupita kiasi. Sir Bartle Frere alipomzuru mwaka 1873 alimkuta karibu kipofu, amezama katika kamusi zake, na wako walioona kwamba kazi ya misheni imelala mikononi mwake. Labda walikuwa na haki kwa kiasi fulani, maana si kila adumuye hudumu vema. Hata hivyo, nijilinganishapo naye kwa ile miezi yangu mitatu, hunyamaza.

Mwaka 1875 aliondoka hatimaye, macho yamekwisha, baada ya miaka 29 bila kuiona Ulaya. Alisafiri pamoja na Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, ambaye alikuwa miongoni mwa wale wachache waliobatizwa. Rebmann alifariki Korntal, Ujerumani, mwaka 1876. Kamusi ya lugha ya Nyasa ilipigwa chapa mwaka uliofuata.