Barua kwa Mpwa Aendaye Ranchini

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amesema kwamba mwaka huu likizo yako huipeleki Mombasa. Wewe na wenzako wa kazini mnataka siku chache za kupanda farasi katika ranchi ya ng'ombe ambayo pia ni makao ya wanyamapori. Habari hiyo imemfurahisha sana mjomba wako, kwani miaka yake mingi katika idara ya mifugo ilipitia kwenye mashamba ya aina hiyo, kati ya josho na zizi. Ndiyo sababu barua imekuwa ndefu. Nasaha yenyewe ni moja: ranchi ni mahali pa kazi kwanza, mapumziko baadaye. Mgeni anayeiona kazi hiyo na kuiheshimu ndiye anayesaidia malisho, ng'ombe na twiga wabaki pamoja.

Bonde la Ufa la kati halina uhaba wa mahali pa kwenda. Kando ya Ziwa Naivasha, shamba la Sanctuary hupandisha wageni farasi katikati ya twiga na punda milia. Upande wa Rongai, chini ya Mlima Londiani, iko Deloraine, nyumba aliyoijenga Lord Francis Scott mwaka 1920. Imezungukwa na shamba linalolimwa hadi leo, na ni makao ya Offbeat Safaris, kampuni ya safari za farasi iliyoanzishwa na Tristan Voorspuy mwaka 1990. Halafu kati ya Gilgil na Nakuru kuna Soysambu, ekari zipatazo 48,000 zinazopakana na Ziwa Elmenteita. Hiyo ni ranchi ya ng'ombe ya ukoo wa Delamere, jina ambalo kila abiria wa barabara ya Naivasha analijua kwa maziwa na yogati. Mwaka 2007 iligeuzwa kuwa hifadhi ya binafsi, na ng'ombe hawakuondolewa.

Hata kama farasi mtawapanda kwingine, Soysambu isiwapite. Elmenteita iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2005, na mwaka 2011 UNESCO ikaitia katika Urithi wa Dunia pamoja na maziwa ya Nakuru na Bogoria. Mwari weupe huzaliana kwenye visiwa vyake vya mawe, kisha huruka kwenda kutafuta samaki katika maziwa mengine, maana samaki wa Elmenteita ni wachache. Katika vichaka vya leleshwa na chini ya migunga wanatembea twiga wa Rothschild, aina adimu; baadhi ya twiga wa aina hiyo waliletwa Hifadhi ya Ziwa Nakuru kutoka Uasin Gishu miaka ya 1970. Ng'ombe wanapita hapo hapo, mchungaji akiwa nyuma yao na fimbo yake begani.

Usilichukulie jambo hilo kuwa la kawaida. Zaidi ya asilimia 60 ya wanyamapori wa Kenya wanaishi nje ya hifadhi za taifa, kwenye mashamba ya watu na ardhi za jamii. Hifadhi ya Ziwa Nakuru, kwa mfano, imezungushiwa ua pande zote, na haiwezi kuwalisha wanyama wa kaunti nzima. Joseph Ogutu, mtafiti Mkenya, pamoja na wenzake walipochambua takwimu za serikali za miaka 1977 hadi 2016, waliona kwamba idadi ya wanyama wakubwa wa nyanda za Kenya ilikuwa imepungua kwa wastani wa asilimia 68. Uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku mwaka huo huo wa 1977, kwa hiyo lawama zote haziwezi kutupiwa bunduki ya mtalii. Waya za ua, viwanja vilivyokatwa vidogo vidogo, mifugo iliyozidi malisho na nyama ya magendo ndivyo vilivyofanya kazi hiyo kimyakimya.

Mfano hauko mbali. Kedong, ranchi kubwa iliyolala chini ya Mlima Longonot, kwa miaka mingi ilikuwa njia ya wanyama kati ya mlima huo na Hell's Gate. Reli ya kisasa ikafika, ardhi ikaanza kutengewa matumizi mengine, na mwaka 2025 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likaanza kuwahamisha wanyama kutoka pale. Ranchi ikishindwa kujilipia, linalofuata huwa ni ua na viwanja.

Ndipo faida ya mgeni wa farasi inapoonekana. Sheria haimruhusu mwenye shamba kuuza swala wala pofu. Nyasi wanazokula zingeweza kuliwa na ng'ombe wake, na kupe wao huwaangukia ndama wake. Malipo ya mgeni ni mojawapo ya mapato machache halali ambayo mnyamapori humwingizia. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika ranchi ya Bonde la Ufa maneno hayo yanahesabika kwa shilingi.

Wapo watakaokuambia kwamba ng'ombe na wanyamapori ni maadui wa kuzaliwa. Wasikilize, kisha uwaeleze habari za Wilfred Odadi, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro. Yeye na wenzake walifanya utafiti katika viwanja vya majaribio vya Mpala, Laikipia, ambako tangu 1995 baadhi ya viwanja vimeachiwa ng'ombe peke yao na vingine ng'ombe pamoja na wanyamapori. Matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2011. Wakati wa kiangazi ng'ombe waliochangia malisho na wanyamapori hawakuongezeka uzito kama wale waliolisha peke yao, kwa sababu nyasi ni haba. Mvua iliponyesha mambo yaligeuka. Punda milia walikula mabua makavu na magumu, nyasi laini zikabaki wazi, na ng'ombe waliolisha karibu nao wakanenepa zaidi.

Zizi nalo lina siri yake. Katika ranchi zinazosimamiwa vizuri, zizi la usiku hujengwa kwa vyuma vinavyobebeka na kuhamishwa kila baada ya muda. Ng'ombe wanalala salama kutokana na simba na fisi, na mahali walipolala panabaki mbolea. Miaka inapita, mahali pale panakuwa uwanja wa nyasi tamu zenye rutuba, na swala wanapapenda hata baada ya miongo kadhaa. Ukiwa juu ya farasi ukaona uwanja wa mviringo wenye kijani kuliko kwingine, mwulize anayewaongoza kama hapo palikuwa na zizi.

Ugonjwa, hata hivyo, ni mzigo wa kweli. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe wa sikio la kahawia, huua ng'ombe wengi Afrika Mashariki. Nyati hubeba vijidudu vya jamii hiyo bila kuumwa, kwa hiyo ranchi yenye nyati haiwezi kulegeza josho. Chanjo yake ilitengenezwa hapa hapa Kenya, Muguga, katika miaka ya 1970: mnyama hudungwa vijidudu hai pamoja na dawa ya kuvidhibiti. Ukikuta siku ya josho, omba ruhusa ukasimame pembeni utazame. Asubuhi moja hapo itakufunza gharama ya kuishi na nyati kuliko vitabu vingi.

Sasa farasi mwenyewe. Nakuru na farasi wamejuana zaidi ya karne moja. Beryl Markham, mwanamke aliyevuka Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka Uingereza kuelekea magharibi mnamo Septemba 1936, alikulia Njoro katika mazizi ya baba yake, na kabla ya kuwa rubani alikuwa mkufunzi wa farasi wa mashindano. Lakini Afrika haimwonei farasi huruma. Kuna homa ya farasi ya Kiafrika, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na visubi wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Punda milia huubeba bila kuonyesha dalili, na farasi asiyechanjwa anaweza kufa katika siku chache. Kwa hiyo wenyeji wakikuhimiza mrudi kabla jua halijazama, usiombe nusu saa zaidi ya kupiga picha. Wana sababu.

Utashangaa jinsi wanyama watakavyowaruhusu kuwakaribia. Twiga anayekimbia akimwona mtu wa miguu husimama na kumtazama mpanda farasi, kwa kuwa anachokiona na kukinusa ni mnyama wa kwato mwenye miguu minne. Huo ni uaminifu ambao kijana mwenye hamu ya shoti anaweza kuuharibu kwa dakika moja. Usimkimbizie mnyama farasi. Pofu mwenye ndama akitimuliwa anaweza kumwacha mtoto nyuma, na punda milia mwenye mimba hupoteza nguvu alizohitaji kwa kiangazi. Nyati akisimama na kuinua pua, kiongozi wenu ataamua, nanyi mtamfuata bila mjadala. Usijiingize kamwe kati yake na kichaka.

Shoti ina mahali pake, na kiongozi anapajua. Ardhi ya huku imejaa mashimo ya ngiri na muhanga yaliyofichwa na nyasi. Mguu wa farasi ukiingia humo kwa kasi, huvunjika, na mpandaji huruka mbele. Vaa kofia ngumu, suruali ndefu, na viatu vyenye kisigino kifupi ili mguu usipenye kwenye kikuku na kunaswa. Ukiulizwa uzito wako na uzoefu wako, sema kweli yote. Farasi huchaguliwa kwa majibu hayo, na mgongo wake ndio utakaolipa uongo. Hatamu zishikwe kwa mkono mwepesi, kwa maana kinywa cha farasi huhisi maumivu kama kinywa chako. Jua la huku nalo halina mchezo. Elmenteita iko karibu mita 1,780 juu ya bahari, upepo unapoza ngozi na mtu haoni anavyoungua.

Lango mlilolikuta limefungwa lifungwe tena, na lililokuwa wazi libaki wazi. Kundi la ng'ombe msilipasue katikati, hasa linapokwenda majini. Mchungaji mmoja ametumia asubuhi nzima kulikusanya.

Mchungaji huyo, na saisi anayeamka alfajiri kuchana farasi na kukagua kwato, ndio watu wa kwanza wa kusalimiwa. Wajue kwa majina yao. Kuna sababu ya kihistoria pia ya kuwasikiliza. Delamere wa kwanza kulowea Kenya, Hugh Cholmondeley, alipoanza ufugaji Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita, kondoo alioagiza kutoka New Zealand walikufa kwa wingi. Wamaasai walikuwa wakiikwepa sehemu ile kwa mifugo yao. Baadaye wataalamu walikuta kwamba udongo wa maeneo hayo una upungufu wa madini, hasa kobalti. Ujuzi ulikuwepo tayari, vichwani mwa watu ambao hakuna aliyewauliza.

Na hapa mpwa asome polepole. Ardhi hiyo nzuri haikuwa tupu. Kwa mkataba wa 1904, uliowekwa chini ya jina la laibon (kiongozi wa kiroho) Olonana, Wamaasai waliondolewa katika malisho ya Naivasha, Nakuru na Elmenteita ili kuwapisha walowezi. Mkataba wa 1911 ukawaondoa tena Laikipia, walikokuwa wamehamishiwa baadhi yao, kwenda kusini. Mwaka 1913 Ole Njogo na wenzake walipeleka kesi mahakamani kuupinga uhamisho huo. Waliambiwa kwamba mikataba ile ni ya madola mawili na mahakama haina mamlaka nayo. Madai hayo hayajazikwa. Machi 2017, wakati wa ukame mkali na wafugaji wakiingiza mifugo kwa nguvu katika ranchi za Laikipia, Tristan Voorspuy alipigwa risasi na kuuawa katika ranchi ya Sosian, akiwa amekwenda kwa farasi kukagua nyumba zilizochomwa. Aliyeanzisha safari za farasi na wafugaji waliokosa nyasi walikutana katika uchungu wa ardhi ile ile.

Mjomba wako hakuandikii hayo ili uende na moyo mzito. Anataka uende ukiwa na maswali. Kabla ya kulipa, waulize wenyeji: jirani wanaruhusiwa kulisha hapa wakati wa kiangazi, na kwa masharti gani? Maji ya ranchi yanawafikia? Masaisi na wachungaji wana ajira ya mwaka mzima, au huitwa wageni wakija tu? Wanyama wana njia ya kutoka na kuingia, au ua umewafungia? Josho na chanjo vinawafikia ng'ombe wa vijiji vya karibu? Mwenye ranchi anayejali atajibu kwa furaha na kukuonyesha. Anayekasirika, tafuta mwingine. Bonde ni kubwa.

Panga safari kabla ya mvua za Machi au baada ya Mei, maana udongo wa tambarare ukilowa farasi huteleza. Ukimaliza, panda matatu hadi Nakuru, ulale kwetu siku mbili. Majibu utakayopewa yaandike kwenye daftari, kwa kuwa dada zako wadogo wanataka kwenda mwakani, na wangependa kujua ni ranchi ipi inayostahili pesa zao.

Msalimu mama yako sana, na wenzako wote.

Mjomba wako,
Nakuru