Dereva anafoka, lakini wewe sikiza injinia

Wacha niseme kitu ambacho mashabiki wenzangu wa Formula 1 watanipinga: zile klipu za madereva wakifoka kwa redio, zile sisi hukata na kupost kila Jumapili jioni, zinatufanya tumsahau mtu wa maana zaidi kwa hayo mazungumzo. Injinia.

Mpangilio uko hivi. Timu moja ina watu kibao wanaosoma data ya gari: joto la tairi, breki, mafuta, mvua, wapinzani. Wengine wako kando ya barabara, wengine wako kiwandani, pengine nchi nyingine kabisa. Lakini kwa kawaida dereva husikia sauti ya mtu mmoja, injinia wake wa mbio. Wale wengine wote wanamwambia injinia, na yeye anachuja. Anachagua jambo moja, analifupisha, kisha anangoja gari ifike sehemu iliyonyooka ndipo abonyeze kitufe. Mbona angoje? Kwa sababu mtu anayefunga breki akitoka kilomita 300 kwa saa hana nafasi kichwani ya stori zako.

Silverstone, Uingereza, tarehe 2 Agosti 2020. Lewis Hamilton anaongoza, raundi ya mwisho, tairi ya mbele kushoto inapasuka. Max Verstappen yuko nyuma kama sekunde 30, kwa sababu alikuwa ameingia piti kubadilisha tairi. Hapo mimi ningepiga nduru. Lakini Peter Bonnington, yule Hamilton humwita Bono, alikuwa anamsomea pengo tu. Namba, halafu namba nyingine ndogo zaidi, sauti ileile. Hamilton akavuka mstari na tairi tatu nzima, akashinda kwa chini ya sekunde 6. Alichohitaji kilikuwa kujua amebakisha nini, si kuambiwa ajikaze.

Na injinia lazima ajue kusikiza pia. Hamilton alizoea kumwambia Bono tairi zake zimeisha, halafu anaendelea kukimbia vizuri tu, mpaka ikawa mzaha wa mashabiki dunia nzima. Sasa injinia aamue: huyu anatoa habari, analalamika, ama anataka wapinzani wasikie? Maana redio hizo si siri, timu nyingine zinasikiza.

Lakini tusimfanye injinia malaika. Hockenheim, Ujerumani, 2010, Felipe Massa alikuwa anaongoza, mwaka mmoja kamili tangu ile ajali iliyokaribia kumuua kule Hungary. Rob Smedley, injinia wake, akamwambia kwa redio kwamba Fernando Alonso ana kasi kuliko yeye, akauliza kama ameelewa. Massa alielewa. Akampisha mwenzake wa Ferrari. Kisha Smedley akamwambia pole. Amri kama hizo zilikuwa zimekatazwa wakati huo, na Ferrari ikapigwa faini ya dola 100,000. Yaani sauti unayoiamini kuliko zote ndiyo hiyo inaweza kutumwa kukuambia uachilie.

Linganisha na Safari Rally yetu pale Naivasha. Navigeta amekaa ndani ya gari, anasoma kona kabla haijafika. Gari ikipinduka, wanapinduka wote wawili. Injinia wa Formula 1 hapinduki. Ameketi mbele ya skrini. Kwa maoni yangu, ndiyo sababu anafaa kupima kila neno, kwa vile si yeye atakayeumia.

Hapo ndipo hii kitu inanigusa. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, karo imekwama, kila mtu alikuwa na redio. Wajomba, grupu ya WhatsApp ya familia, mama wa kanisa. Wote kwa wakati mmoja, wote nikiwa katikati ya kona. Hakuna hata mmoja alikuwa ndani ya gari. Dada yangu mkubwa hakukubaliana na mimi, na aliniambia hivyo mara moja. Baada ya hapo alikuwa ananipigia kila Ijumaa: "Rent ni tarehe ngapi? Uko na ngapi mkononi? Ni nani anakulipa wiki hii?" Nikijibu, anasema sawa, anakata. Kuna miezi hizo simu ndizo zilinifanya nijue kama nitafika tarehe tano.

Sasa mdogo wangu anamaliza Form Four, na familia inataka nimuongeleshe. Wengine wanataka nimtie moyo, wengine wanataka nimtishe kwa kutumia maisha yangu. Sitafanya yote mawili. Nitamuuliza anaona nini kule mbele, kwa sababu yeye ndiye ameshika usukani. Kisha nitamwambia ninachojua kwa hakika: karo ni ngapi, HELB inakuja lini, rent ya Nairobi inakula nini. Nikimaliza, nitanyamaza.

Kwa hivyo Jumapili ukisikia dereva anafoka, usikate klipu haraka. Ngoja usikie anajibiwa nini.