Mama Kuku na Vifaranga Vinne

Akina mama wenzangu, leo naomba niwaeleze habari ya kompyuta. Najua wengine mtafunua ukurasa mkisema hayo ni mambo ya vijana. Ngojeni kidogo. Habari hii ni ya kompyuta, lakini pia ni ya shilingi 650,000 ambazo kwa muda wa miezi mitano mume wangu hakujua zimekwenda wapi.

Tunaishi Morogoro. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, nami nina ofisi ndogo ya kuchapa karibu na soko. Nachapa barua, maombi ya kazi, kadi za harusi na mitihani ya shule, na jioni nafundisha kompyuta wasichana waliomaliza kidato cha nne. Mwaka 2012 Mwalimu alikopa SACCOS shilingi 1,600,000, tukanunua kompyuta nne zilizotumika, zile zenye skrini za chogo. Makato yakawa yanatoka kwenye mshahara wake kila mwezi. Mwaka uliofuata, alasiri moja, umeme ulikatika, kisha ukarudi kwa kishindo, na kompyuta mbili zikatoa moshi mbele ya macho yangu. Skrini zilipona. Kompyuta mbili zilizobaki zilikuwa zimejaa virusi vya kwenye flashi za wateja, na kufungua barua moja ilikuwa kazi ya kuchemsha chai.

Mwalimu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Mama, tuuze hizo zilizobaki tupunguze deni. Binti akifaulu kidato cha nne tutahitaji ada." Hakulitaja tena jambo hilo. Lakini kila mwisho wa mwezi nikiiona karatasi yake ya mshahara, nilijiona kama mtu aliyekula chakula cha watoto.

Nina mdogo wangu wa kiume ambaye wakati ule alikuwa anatunza chumba cha kompyuta katika shule moja ya sekondari. Alipokuja likizo mwishoni mwa mwaka 2014 nilimwonyesha ofisi yangu, akacheka.

"Dada, nyumbani kwako mnakula watu wangapi?"

"Saba."

"Na kila mmoja ana jiko lake?"

Ndipo akanieleza. Kompyuta ya kawaida ni kama mtu mwenye jiko lake, mkaa wake, sufuria yake na kabati lake la unga. Mtu wa kuandika barua tu hahitaji vyote hivyo. Unaweza kuweka kompyuta moja nzuri ikawa jiko, na mbele ya kila mtu ukaweka kisanduku kidogo kisicho na diski ndani, ambacho ni sahani tu. Sahani haipiki, inapakuliwa. Ukiwasha kile kisanduku kinapiga hodi kwenye waya wa mtandao, kompyuta kubwa inakiitikia, inakipa anwani na kukitumia programu ya kuamkia. Tangu hapo, kila herufi unayobonyeza inakimbia kwenye waya hadi kompyuta kubwa. Kazi inafanyika kule, na picha ya ukurasa inarudi kwenye skrini yako, upesi kiasi kwamba hutambui kuwa imesafiri.

Mafundi huviita visanduku hivyo thini klayenti. Wasichana wangu jina hilo liliwashinda, wakaviita vifaranga, na kompyuta kubwa wakaiita mama kuku. Majina hayo yameganda hadi leo.

Programu yenyewe hainunuliwi. Inatumia Linux, na mpango wa kuunganisha vifaranga unaitwa LTSP. Aliyeuanzisha mwaka 1999 ni Mmarekani mmoja wa jimbo la Michigan, Jim McQuillan, akauachia watu wote bure. Fedha inakwenda kwenye vyombo tu. Mdogo wangu alikuwa anajua duka la Kariakoo linalouza visanduku vya HP vilivyokwisha kutumika katika maofisi ya Ulaya, shilingi 50,000 kimoja.

Mwezi huo huo kikoba chetu kilivunjwa, nikapata shilingi 650,000.

Nilizishika fedha zile siku tatu zikiwa ndani ya kopo la majani ya chai. Kwa haki ilinipasa kumwambia Mwalimu. Lakini nilijua jibu lake, na nilijua kwamba jibu hilo lingekuwa la busara. Basi nikajiambia kwamba nitamweleza mambo yakishanyooka. Nikampa mdogo wangu fedha, akashuka Dar es Salaam. Visanduku vinne, 200,000. Mama kuku, kompyuta ya ofisini iliyotumika, 350,000. Swichi ya kugawa mtandao pamoja na nyaya, 60,000. Zikabaki 40,000.

Mdogo wangu akasema, "Dada, tafuta 80,000 nyingine ununue UPS." Alikuwa na maana ya kile kisanduku chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika. Lakini ilikuwa Januari, na ninyi mnaijua Januari. Zile 40,000 nilinunulia wadogo viatu vya shule.

Tulifunga mitambo Jumamosi moja, mlango tumeurudisha nusu, mimi nimejifunga khanga kiunoni nikifagia vumbi la miaka miwili. Kazi ya kuweka Linux kwenye mama kuku ilichukua asubuhi nzima. Kwa vifaranga kazi haikuwa kubwa: unaingia kwenye mipangilio ya kisanduku, unakiambia kiamkie kwenye mtandao badala ya kutafuta diski. Vitatu viliamka. Cha nne kikakataa kabisa, tukahangaika nacho saa mbili, tukabadili kila kitu. Kumbe kosa lilikuwa kwenye kichwa cha waya. Ndani ya waya ule mna nyuzi nane zenye rangi, na mdogo wangu alikuwa amepishanisha mbili. Nyuzi mbili tu! Nilimtania kwamba mshonaji wangu anayeweka mkono wa kulia kushoto sasa ana mwenzake.

Jioni Mwalimu alipita, akaona skrini nne zinawaka. Akauliza. Nikamwambia, "Shemeji yako kaniletea vitu vilivyotupwa na maofisi." Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Mdogo wangu aliinama akajifanya anakaza parafujo, na baadaye aliniambia nisimwingize tena katika mambo kama hayo.

Sitawaficha kwamba kulikuwa na shida. Mama kuku alikuja na kumbukumbu ya gigabaiti 2, na wasichana wanne wakifungua intaneti kwa pamoja wote walikwama kama daladala kwenye tope. Tuliongeza ikawa 4, ndipo wakapumua. Video hazikufaa kitu, zilikuwa zinarukaruka, kwa sababu kila picha lazima ipite kwenye waya. Na wateja walioandika kwa Microsoft Word walilalamika kwamba jedwali zao zimehama mahali. Hilo lilinikera kuliko yote, mpaka nikajifunza kuwaambia walete kazi ya kuchapisha ikiwa katika PDF.

Lakini virusi vilikoma. Flashi ziliingia zimejaa takataka, nazo takataka zile zilikuwa za Windows, hazikupata pa kuotea. Vifaranga vyenyewe havina feni, havipigi kelele wala kuvuta vumbi. Na uniti za umeme! Zamani kila kompyuta na skrini yake ilikula kama wati 180, jumla 720. Sasa kisanduku kimoja kilikula kama 15, mama kuku 100, na zilizobaki zikawa za zile skrini za chogo. Tulipozibadilisha baadaye kwa skrini bapa, jumla ilishuka hadi kama wati 240, yaani theluthi moja ya mwanzo. Jambo jingine lililonifurahisha ni kuona programu ya kuandikia ikiwa na lugha ya Kiswahili. Mwanzo wa kazi hiyo ni hapa hapa kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice. Wasichana walicheka maneno mengine, kisha wakayazoea.

Mwezi Juni Mwalimu aliniletea mitihani ya majaribio ya darasa la saba ya shule kadhaa za kata yetu. Yeye ndiye aliyekabidhiwa. Akanikataza kuweka nakala kwenye flashi yoyote ili mtihani usivuje, nami nikautunza ndani ya mama kuku peke yake. Karatasi zilitakiwa Jumatatu saa mbili asubuhi.

Ijumaa saa tisa umeme ukakatika. Ukarudi. Ukakatika tena, ukarudi. Skrini zote nne zikawa nyeusi, na ndani ya mama kuku nikasikia sauti, ko, ko, ko, kama mtu anayegonga mlango akijua hatafunguliwa. Diski ilikuwa imekufa. Hapo ndipo nilipouona ubaya wa mpango huu ambao mdogo wangu alikuwa ameniambia nami nikausikia kwa sikio moja. Kompyuta nne zikiwa nne, ikiugua moja mgonjwa ni mmoja. Mama kuku akilala, vifaranga vyote vinalala.

Nilimweleza Mwalimu usiku, watoto wakiwa wamelala. Aliposikia habari ya mtihani alishika kichwa. Halafu akasema jambo la kawaida kabisa: "Basi mpigie shemeji. Vitu vyenyewe si alivipata bure? Akatuletee kingine huko huko."

Nilitazama kitambaa cha meza. Ningeweza kuongeza uongo wa pili, na niliuona tayari umekaa mdomoni. Nikamwambia yote: kikoba, kopo la majani ya chai, Kariakoo, kila shilingi.

"Laki sita na nusu," akasema. Akanyamaza. Akasema tena, "Laki sita na nusu." Akatoka nje. Nilimsikia akitembea uani, akaenda hadi kwenye banda la kuku, akarudi. Alipoingia sikutazamia swali aliloniuliza.

"Hicho kisanduku cha betri ni shilingi ngapi?"

"Laki moja na ishirini."

"Nawe ulibakiwa na ngapi?"

"Arobaini elfu. Nilinunua viatu vya watoto."

"Viatu sawa," akasema. Kisha, taratibu, bila kunitazama: "Hizo themanini nyingine ungeniambia, ningezitafuta."

Akina mama, nililia usiku ule kuliko siku kompyuta zilipoungua.

Asubuhi niliazima kompyuta ya mapajani kwa jirani. Kwa bahati Mwalimu alikuwa bado na madaftari ya hesabu, Kiswahili na maarifa ya jamii yakiwa yameandikwa kwa mkono. Sayansi haikuwepo, maana mwalimu mwenzake aliitunga pale pale ofisini kwangu. Ilimbidi Mwalimu aende kwa miguu hadi kwa mwenzake huyo, wakaketi kuitunga upya. Mimi nilichapa, yeye akinisomea, Jumamosi hadi usiku wa manane na Jumapili tangu mchana. Alinisomea kwa sauti ile ya darasani, na nilipokosea alisema, "Rudia." Hatukuzungumza jambo jingine. Jumatatu saa moja na nusu karatasi zilikuwa mikononi mwa waliozihitaji.

Mwezi uliofuata alilipia UPS yeye mwenyewe. Mdogo wangu aliweka diski mbili badala ya moja, zinazoandika mambo yale yale kwa wakati mmoja, ili moja ikifa nyingine iendelee. Kila Ijumaa jioni nanakili kazi zote kwenye diski ya nje, nayo hulala nyumbani, si ofisini. Gharama hizo ndizo nilizodhani naweza kuziruka. Binti alikwenda kidato cha tano Julai hiyo hiyo, ada ikatoka nusu kwa Mwalimu na nusu ofisini, na tangu hapo tunaandika wote katika daftari moja.

Kama mmoja wenu anataka kuanza sasa, iwe nyumbani kwa watoto kusoma au kazini, asiende kutafuta visanduku vya zamani kama vyangu. LTSP iliandikwa upya mwaka 2019 na Mgiriki Alkis Georgopoulos, na mtindo wake mpya unapenda kifaranga kijipikie chenyewe, mama kuku akitoa unga na mboga tu. Kwa hiyo tafuteni chenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 au zaidi. Wengine hutumia Raspberry Pi, kompyuta ya Kiingereza iliyo kubwa kama kadi ya benki. Ilipotoka mwaka 2012 iliuzwa dola 35, na kuanzia ile ya tatu ya mwaka 2016 inaweza kuamkia kwenye mtandao bila kadi ya kumbukumbu. Swichi iwe ya gigabiti, bei haitofautiani sana. Hesabu ya kwanza kwenye karatasi iwe ya betri na diski ya pili, kabla hata ya vifaranga.

Skrini moja ya chogo bado tunayo sebuleni. Haiwaki. Mwalimu anaweka redio juu yake.